Baharia, Mpelelezi na Mteka Nchi: habari za kuhama kivinjari

Huku Illinois tu wazima. Baridi imeanza kutukumbusha kwamba hatukuzaliwa huku, lakini tunasonga mbele.

Leo nataka tuzungumze jambo ambalo mmeniandikia mara nyingi, hasa tangu wapwa zangu wa Tanga waanze kununua kompyuta za mtumba. Swali linakuja hivi: "Mjomba, hii intaneti iliyokuja na kompyuta niendelee nayo, au nitafute nyingine?" Jibu fupi ninalo na nitalitoa mwishoni. Lakini nikisema tu "fanya hivi" nitakuwa sijawasaidia, maana kesho mtu mwingine atawaambia "fanya vile" na hamtajua nani wa kumsikiliza. Bora niwape habari yenyewe tangu mwanzo, halafu kila mtu aamue.

Kwanza tuelewane. Ile alama mnayobonyeza ili kusoma magazeti au kuangalia matokeo ya mitihani siyo intaneti. Ni kivinjari, yaani programu inayokwenda kuchukua kurasa huko ziliko na kukuonyesha kwenye kioo. Neno lenyewe ni la watu wa pwani: chombo kuvinjari ni kuzungukazunguka baharini kikiangalia hali. Kwa hiyo intaneti ndiyo bahari, na kivinjari ni chombo ulichopanda. Ukibadilisha chombo, bahari haibadiliki. Barua pepe zako zitakuwa pale pale, na magazeti ni yale yale. Nasema haya kwa sababu watu wengi wanaogopa kuhama wakidhani watapoteza vitu vyao.

Sasa kuna kichekesho kimoja cha wataalamu wa kompyuta ambacho sisi Waafrika tunakielewa kuliko wao. Kivinjari kilichotamba mwanzoni kiliitwa Navigator, maana yake baharia anayeongoza chombo. Kikafuata Explorer, maana yake mpelelezi, wale wale tuliowasoma shule ya msingi kwenye somo la historia. Mwaka 2000 vijana wa programu huria wakatoa chao wakakiita Konqueror, yaani mteka nchi, kwa makusudi kabisa: baada ya baharia na mpelelezi, anayefuata ni mteka nchi. Halafu mwaka 2003 kampuni ya Apple ikatoa kivinjari kiitwacho Safari! Neno letu hilo, limetoka kwetu likazunguka dunia. Baharia, mpelelezi, mteka nchi, kisha mtalii wa safari. Jamani, hiyo si ndiyo historia yetu ya miaka mia tano? Wekeni kichekesho hiki akilini, nitakirudia.

Mambo yalianza Geneva, Uswisi. Mwaka 1990 Mwingereza mmoja, Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi kwenye maabara ya wanafizikia iitwayo CERN, alitengeneza kivinjari cha kwanza. Alikiita WorldWideWeb, jina lile lile la mtandao wenyewe. Kivinjari chake kiliweza kusoma kurasa na pia kuziandika. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikatangaza kwamba ufundi huo ni mali ya umma, mtu yeyote autumie bila kulipa. Laiti wangedai malipo kwa kila ukurasa, mimi nisingekuwa ninawaandikia hapa.

Lakini kivinjari cha Berners-Lee kilifanya kazi kwenye kompyuta za aina moja tu, NeXT, ambazo wachache sana walikuwa nazo. Kilichowaleta watu wa kawaida kilitoka hapa hapa jimboni kwetu. Kusini mwa Chicago, safari ya saa mbili na kidogo kwa gari katikati ya mashamba ya mahindi, kuna miji miwili iliyogusana, Urbana na Champaign. Huko ndiko kiliko Chuo Kikuu cha Illinois. Mwaka 1993 mwanafunzi Marc Andreessen na mtaalamu Eric Bina, wakiwa kwenye kituo cha chuo cha kompyuta zenye nguvu, walitoa Mosaic. Uzuri wake ulikuwa kwamba picha zilionekana ndani ya ukurasa pamoja na maandishi, na mtu asiye mtaalamu aliweza kuiweka mwenyewe kwenye kompyuta yake. Ndipo mtandao ulipoanza kushika kasi.

Andreessen akamaliza chuo akaenda California. Aprili 1994 yeye na mfanyabiashara Jim Clark wakaanzisha kampuni iliyokuja kuitwa Netscape, na Desemba mwaka huo wakatoa Navigator. Watu waliihama Mosaic kwa wingi, kwa kuwa Navigator ilikuwa nyepesi hata kwenye laini mbovu ya simu. Tarehe 9 Agosti 1995 hisa za Netscape zikaingia sokoni. Zilipangiwa dola 28, na soko lilipofungwa jioni zilikuwa zimefika dola 58 na robo. Kampuni ilikuwa haijafikisha hata miezi 18!

Huko Seattle, Bill Gates alikuwa ameshashtuka. Mwezi Mei 1995 aliwaandikia wakuu wa Microsoft waraka mrefu akifananisha intaneti na wimbi kubwa la bahari. Microsoft haikuwa na kivinjari, na kukijenga kutoka mwanzo kungechukua muda. Ilikuwa imeshakwenda kwenye kampuni ya Spyglass, iliyokuwa na haki ya kuuza Mosaic ya chuo cha Illinois, ikachukua kibali na kutengeneza Internet Explorer. Makubaliano yalikuwa Spyglass ipate sehemu ya mauzo. Kumbe Microsoft ikaanza kuitoa bure pamoja na Windows. Sehemu ya bure ni ngapi? Walikuja kumalizana mwaka 1997 kwa dola milioni 8.

Basi vita vikaanza. Kila mmoja alitoa matoleo mapya haraka haraka. Usiku Microsoft ilipozindua toleo la 4 mwaka 1997, wafanyakazi wake walibeba herufi "e" kubwa sana wakaenda kuitupa kwenye majani mbele ya ofisi za Netscape. Watu wa Netscape wakaiangusha, wakamsimamisha juu yake mjusi wao Mozilla, akiwa na bango linalosema Netscape 72, Microsoft 18. Ndivyo asilimia zilivyokuwa siku ile.

Hazikukaa hivyo. Ninyi mnaotaka kujua mtu anavyoweza kushindwa akiwa na asilimia 72, sikilizeni vizuri. Netscape ilikuwa lazima uitafute, uipakue kwa saa nzima au zaidi, na makampuni yalitakiwa kuilipia. Explorer ulikuwa unaikuta tayari pale kwenye kompyuta mpya. Mwaka 1996 kampuni ya Compaq, iliyokuwa inatengeneza kompyuta, ilithubutu kuondoa alama ya Explorer kwenye baadhi ya kompyuta zake. Microsoft ikaitishia kuinyang'anya haki ya kuuza Windows. Compaq ikairudisha alama. Haya hayakuwa maneno ya mtaani, yalithibitishwa mahakamani.

Maana kesi ilifika. Mei 1998 serikali ya Marekani pamoja na majimbo kadhaa waliishtaki Microsoft. Jaji Thomas Penfield Jackson aliona kwamba imetumia ukubwa wake kuwabana wenzake, na Juni 2000 akaamuru ipasuliwe iwe kampuni mbili. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikaitengua amri ya kuipasua, na Novemba 2001 serikali na Microsoft wakapatana. Lakini Netscape ilikuwa imeshanunuliwa na kampuni ya AOL tangu 1999, na watumiaji wake walikuwa wanapungua kila siku. Mahakama ilitembea, soko likakimbia.

Sasa tunafika kwenye sehemu inayotuhusu sisi. Explorer toleo la 6 lilitoka Agosti 2001. Kufikia mwaka 2003, zaidi ya watu 9 kati ya 10 waliotumia mtandao duniani walitumia Explorer. Je, mshindi alifanya nini baada ya ushindi? Alilala. Toleo la 7 halikuonekana mpaka Oktoba 2006. Miaka mitano! Mnaokumbuka zile intaneti kafe za Dar, Mombasa na Tanga mnajua ilivyokuwa. Unalipia kwa dakika, halafu nusu ya dakika zako zinakwenda kufunga madirisha ya matangazo yanayochomoza yenyewe kama uyoga. Virusi navyo vilipita mlango huo huo. Mwezi Juni 2004 yalipotokea mashambulizi mabaya kupitia Explorer, kitengo cha serikali ya Marekani kinachoshughulikia usalama wa kompyuta kiliorodhesha njia za kujikinga, na mojawapo ilikuwa kutumia kivinjari kingine.

Kingine kipi sasa, wakati tovuti nyingi zilijengwa kwa Explorer peke yake? Korea Kusini iliumia zaidi ya wote. Mwishoni mwa miaka ya 1990 walibuni mfumo wao wenyewe wa kuficha siri za benki, na wakauendesha kwa ufundi wa Microsoft uitwao ActiveX uliofanya kazi ndani ya Explorer tu. Kwa miaka mingi baadaye raia wa nchi ile, yenye intaneti ya kasi kuliko karibu nchi zote, hakuweza kuingia benki au kununua kitu mtandaoni kwa kivinjari kingine. Nchi nzima ilikuwa imejifungia chumbani na ufunguo ukabaki kwa mtu mwingine.

Aliyetuokoa alitokana na yule aliyeshindwa. Januari 1998, Netscape ikiwa inazama, iliamua jambo ambalo makampuni hayakuwa na kawaida ya kulifanya: ikatangaza kwamba itatoa mapishi yote ya kivinjari chake, yaani maandishi yale waandishi wa programu wanayoandika, ili mtu yeyote ayasome, ayarekebishe na kuyatumia. Tarehe 31 Machi yakatolewa, na mradi ukapewa jina la yule mjusi, Mozilla. Hii ndiyo tunayoita programu huria. Ni njia hiyo hiyo iliyowawezesha watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004 kutoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia kwa Kiswahili. Hawakupiga magoti kwa kampuni yoyote kuomba lugha yetu ikumbukwe.

Mozilla ilikwenda polepole, na wengi waliikatia tamaa. Mwaka 2003 AOL ilipatana na Microsoft katika kesi yao nyingine kwa dola milioni 750, kisha ikafunga ofisi za Netscape. Mozilla wakapewa dola milioni 2 waanzishe taasisi yao wenyewe. Lakini ndani ya mradi vijana wachache, akiwemo Blake Ross aliyekuwa bado hajafika miaka 20, walikuwa wanatengeneza kivinjari kidogo, chepesi. Walikiita Phoenix, wakaambiwa jina lina mwenyewe. Wakakiita Firebird, nalo likawa na mwenyewe. Mwisho kikaitwa Firefox, na toleo la kwanza likatoka tarehe 9 Novemba 2004. Kilizuia matangazo yale ya uyoga, na kiliweza kufungua kurasa nyingi ndani ya dirisha moja. Hela za kujitangaza hawakuwa nazo, hivyo watumiaji wenyewe wakachanga, na Desemba mwaka huo tangazo la kurasa mbili likatoka kwenye gazeti la New York Times likiwa na majina ya wachangaji karibu 10,000. Kabla ya mwaka kuisha tangu kitoke kilikuwa kimepakuliwa mara milioni 100.

Nataka mlione jambo hilo vizuri. Serikali ya Marekani na majaji wake hawakuweza kulifanya. Lilifanywa na watu wa kawaida, mmoja mmoja, kila mtu akitumia nusu saa yake kuhama na nusu saa nyingine kumhamishia shangazi yake. Na yule aliyelala akaamka: Explorer 7 ilikuja na mengi ya yale yaliyowavutia watu kwenye Firefox. Kwa hiyo hata ambao hawakuhama walifaidika na waliohama.

Huko nyumbani mageuzi yalipitia simu. Kampuni ya Opera ya Norwe ilileta Opera Mini, iliyofunguliwa kwa dunia nzima Januari 2006. Ufundi wake ulikuwa huu: ukurasa ulipita kwanza kwenye kompyuta za Opera, ukabanwa ukawa mdogo, ndipo ukaja kwenye simu yako. Simu ndogo ya vitufe ikaweza kusoma magazeti, na vocha ikadumu. Wengi wenu mliingia mtandaoni mara ya kwanza kwa njia hiyo, bila hata kujua kwamba mlikuwa mmechagua kivinjari.

Tarehe 2 Septemba 2008 Google ikaleta Chrome. Tuseme ukweli, ilikuwa nzuri: ya kasi, safi, na ukurasa mmoja ukikwama haukuua mingine. Moyo wake ulitoka WebKit ya Apple, na WebKit ilitoka kwa nani? Kwa wale vijana wa Konqueror! Programu yao huria ndiyo iliyozaa Safari na kisha Chrome. Mteka nchi wa kwenye kichekesho hakuteka kitu yeye mwenyewe, lakini wajukuu zake wameteka dunia. Mwaka 2012 Chrome iliipita Explorer kwa hesabu za StatCounter. Mwaka 2013 Opera ikaacha injini yake ya ndani ikachukua ile ya Chrome. Januari 2020 hata Microsoft ikafanya vivyo hivyo kwa kivinjari chake kipya, Edge. Na Juni 2022 Internet Explorer ikastaafishwa rasmi.

Leo ukifungua Edge, Opera, Brave au kile cha simu za Samsung, sura ni tofauti lakini injini ni ya ukoo wa Google. Injini kubwa zilizobaki duniani ni tatu: hiyo ya Google, ya Apple, na ya Mozilla ndani ya Firefox. Na Firefox, ambayo mwaka 2009 ilikuwa na karibu theluthi ya watumiaji, sasa imebaki na asilimia chache sana. Tena sehemu kubwa ya mapato ya Mozilla hutoka kwa Google, inayolipa ili iwe ndiyo mahali pa kutafutia. Mwaka 2021 peke yake Google ililipa zaidi ya dola bilioni 26 kwa makampuni mbalimbali ili ikutwe tayari pale mtu anapowasha kifaa. Agosti 2024 jaji wa Marekani, Amit Mehta, aliamua kwamba Google imevunja sheria kulinda ukiritimba wake wa utafutaji. Septemba 2025 alikataa kuilazimisha iuze Chrome, ila akaipiga marufuku mikataba ya kuwafungia wengine nje.

Dola bilioni 26, ndugu zangu! Mtu hatoi fedha hizo bure. Anazitoa kwa sababu anajua wengi wetu tukikuta kitu kimeshawekwa, tunakaa nacho. Mazoea yana taabu, walisema wazee.

Ndiyo maana nilisema nitakirudia kile kichekesho. Babu zetu alipokuja mpelelezi na nyuma yake mteka nchi, hawakuwa na pa kuhamia. Nchi ni moja na kaburi la baba liko pale. Huku kwenye mtandao anayetawaliwa anaweza kuondoka jioni moja na vitu vyake vyote, bila nauli. Lakini anaweza hivyo kwa sababu kuna waliotunza mahali pa kuhamia, hata walipokuwa asilimia 3 au 4. Netscape ingekufa na mapishi yake, mwaka 2004 tusingekuwa na pa kwenda. Ndiyo hofu yangu kwa leo. Siyo kwamba Chrome ni mbaya. Ikilala kama Explorer ilivyolala, au ikianza kuamua peke yake nani aone nini, tutahamia wapi ikiwa wengine wote wameshafunga duka?

Sasa jibu fupi nililoahidi. Wapwa zangu, wekeni Firefox pembeni ya hicho mlichokikuta. Msifute chochote. Itawauliza kama mnataka kuhamisha kurasa mlizohifadhi na nywila zenu, mkubali. Tumieni vyote viwili kwa wiki mbili, halafu mchague wenyewe. Ipakueni kwenye tovuti ya Mozilla yenyewe. Msichukue kwa rafiki mwenye flashi wala kwenye tangazo lolote, maana kivinjari ndicho kinachoona nywila zako zote, na cha kughushi kitakumaliza. Na wenye kompyuta za mtumba zenye Windows 7 mjue hili: Chrome iliacha kuzihudumia mwanzoni mwa 2023, wakati Firefox toleo la 115 iliendelea kuzitolea viraka vya usalama kwa zaidi ya miaka miwili baadaye. Hata hivyo kompyuta ya namna hiyo msiingilie benki. Mkiweza, mtafute kijana anayejua Linux awawekee.

Mkikuta tovuti ya ofisi au chuo inayowaambia "tumia Chrome tu", iandikieni barua pepe ya heshima, muwaulize kwa nini. Wakorea waliuliza wakiwa wamechelewa.

Shangazi, wewe na simu yako endelea tu na Opera Mini, ila ukiingia benki tumia programu ya benki yenyewe. Msalimieni bibi. Maoni yenu niwekeeni hapa chini kama kawaida. Alamsiki.